Hesabu za umeme mdogo: jifunze mwenyewe kabla hujaunguza kifaa

Wasikilizaji wanaojaribu kutengeneza taa ndogo nyumbani hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Mtu ameunganisha kitaa cha LED moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12. Kimewaka kwa nguvu, kisha kimezimika na hakiwaki tena. Kosa ni nini?

Mara nyingi kifaa kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni hesabu iliyorukwa. Na hesabu yenyewe ni ya kuzidisha, kugawanya na kutoa tu. Aliyeishia darasa la saba anaiweza, na kikokotoo kipo hata kwenye simu ya vitufe.

Maneno manne ya kuanzia

Fikiria tangi la maji lililowekwa juu ya mnara, na bomba linaloshuka hadi kwenye ndoo.

Volti ni msukumo. Tangi likiwa juu zaidi, maji yanasukumwa zaidi.

Ampea ni kipimo cha mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Vifaa vidogo hupimwa kwa miliampea, na miliampea 1,000 ni sawa na ampea 1.

Omu ni kipimo cha ukinzani. Bomba jembamba huyazuia maji, na rezista huuzuia umeme vivyo hivyo.

Wati ni kasi ya kutumia nishati, iwe kwa kutoa mwanga au joto.

Kanuni moja tu

Mwaka 1827 mwalimu Mjerumani, Georg Simon Ohm, alichapisha kitabu kilichoeleza uhusiano wa vitu vitatu vya kwanza. Kipimo cha omu kimepewa jina lake. Kanuni ni hii:

Volti = ampea × omu

Usikariri kanuni tatu. Kumbuka kwamba 12 = 3 × 4, kwa hiyo 12 ÷ 3 = 4 na 12 ÷ 4 = 3. Vivyo hivyo, omu ni volti gawanya kwa ampea, na ampea ni volti gawanya kwa omu. Ukiielewa hii, umevuka mto mkubwa zaidi.

Tukokotoe pamoja

Kitaa chekundu cha LED hutumia volti 2 hivi, na mkondo unaokifaa ni wa miliampea 20. Chenyewe hakina uwezo wa kuuzuia mkondo. Kikipewa volti 12 bila rezista, mkondo hupanda hadi kiungue.

Hatua ya kwanza, toa: 12 − 2 = 10. Hizo volti 10 zilizobaki lazima zibebwe na rezista.

Hatua ya pili, geuza miliampea kuwa ampea: 20 ÷ 1,000 = 0.02.

Hatua ya tatu, gawanya: 10 ÷ 0.02 = 500. Tunahitaji rezista ya omu 500.

Hatua ya pili ndiyo inayowaangusha wengi. Ukigawanya 10 kwa 20 bila kugeuza, utapata 0.5. Rezista ndogo kiasi hicho haizuii chochote, na kitaa kitakufa mbele ya macho yako. Kila unapopata jibu, jiulize kwanza kama vipimo vyako vinalingana.

Jibu la kwanza halitoshi

Dukani mara nyingi hutapata omu 500 kamili. Utapata 470 au 560. Uchukue ipi?

Hapa lazima ukumbuke kwamba betri ya volti 12 haibaki kwenye 12. Jua linapoichaji, inaweza kufika volti 14.4. Rudia hesabu: 14.4 − 2 = 12.4. Kwa omu 470 mkondo unakuwa miliampea 26. Kwa omu 560 unakuwa 22. Tunachagua 560. Rangi zake, kwa rezista ya mistari minne, zinaanza na kijani, bluu, kahawia. Mstari wa nne huonyesha tofauti inayoruhusiwa.

Sasa angalia joto. Wati = volti × ampea, kwa hiyo 12.4 × 0.022 ni karibu wati 0.27. Rezista ndogo zinazouzwa sana ni za wati 0.25, na hiyo ingezidiwa kila siku ya jua kali. Nunua ya nusu wati.

Hesabu inaokoa betri pia

Katika mfano wetu, volti 2 zinatoa mwanga na volti 10 zinaishia kuwa joto kwenye rezista. Huo ni upotevu. Je, tukipanga vitaa vitatu vyekundu kwa mfululizo, kimoja nyuma ya kingine?

Vitatu vinachukua volti 6. Betri ikiwa 14.4, zinabaki 8.4. Ukitumia rezista ya omu 390, mkondo ni miliampea 21 na kidogo. Mkondo ule ule uliokuwa ukiwasha kitaa kimoja sasa unawasha vitatu. Hukuongeza betri wala paneli. Umekokotoa tu.

Kwa njia hiyo hiyo utajua taa itadumu saa ngapi. Taa ya wati 5 kwenye volti 12 inavuta 5 ÷ 12, yaani ampea 0.42. Betri iliyoandikwa 7 Ah ina ampea 7 kwa saa moja, lakini betri ya risasi hudumu zaidi usipoimaliza. Tumia nusu, yaani 3.5. Gawanya 3.5 kwa 0.42, unapata saa 8 hivi. Hapo unajua kama mtoto atasoma usiku na mwanga ubaki wa dharura.

Namna ya kujifunza

Tunashauri daftari lenye safu tatu: nilichokisia, nilichokokotoa, nilichopima. Kisia kwanza, kokotoa, kisha pima kwa mita ya fundi. Zikitofautiana sana, usiendelee hadi ujue sababu.

Anayeanza asipime ampea. Mita ikiwekwa kwenye ampea na kugusishwa nguzo mbili za betri, ni sawa na kuziunganisha kwa waya, na mita inaweza kuungua. Pima volti kwenye miguu miwili ya rezista, kisha gawanya kwa omu zake. Ukisoma volti 10 kwenye rezista ya omu 560, mkondo ni miliampea 18 hivi.

Ukishazoea, nenda kwenye kapasita. Zidisha omu kwa faradi upate sekunde. Omu 10,000 na kapasita ya faradi 0.0001 zinatoa sekunde 1, muda wa kapasita kujaa karibu asilimia 63. Hesabu za pembe na mawimbi zitahitajika utakapofika kwenye umeme wa kupishana. Zisikutishe leo.

Usalama kwanza

Jifunze kwa betri za tochi kwanza. Umeme wa gridi wa volti 230 unaua, usiufanyie majaribio.

Betri ya sola nayo si ya kuchezea. Nguzo zake zikigusana, waya hugeuka moto mara moja. Weka fyuzi karibu na nguzo chanya. Vifaa vyako vyote vikiwa wati 30, 30 ÷ 12 ni ampea 2.5, basi fyuzi ya ampea 3 inatosha, mradi waya wako unabeba zaidi ya hapo. Fyuzi ikikatika, usiibadilishe kwa kipande cha waya. Imekatika kwa sababu mkondo umezidi. Tafuta ulikozidia.

Leo chukua kalamu ukokotoe hii: kitaa cheupe cha volti 3, miliampea 20, betri ya volti 6. Ukipata omu 150, uko tayari kwenda dukani.