Mikono Iliyokakamaa katika Tiba ya Jadi ya Uchina

Katika tiba ya jadi ya Uchina, vidole visivyokunjika na vifundo vya mikono vinavyouma huhesabiwa miongoni mwa maradhi yaitwayo bi. Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, kinaeleza kuwa upepo, baridi na unyevunyevu vikimwingia mtu kwa pamoja, mwendo wa damu na wa qi, nguvu ya uhai, huzibwa. Upepo ukizidi, maumivu huhamahama. Baridi ikizidi, huwa makali. Unyevu ukizidi, hung'ang'ania mahali pamoja. Maelezo hayo si ya sayansi ya leo, lakini walioyaandika walimtazama mgonjwa kwa makini.

Mwishoni mwa karne ya 2 au mwanzoni mwa karne ya 3, tabibu Zhang Zhongjing aliandika dawa za viungo visivyoweza kukunjwa wala kunyooshwa. Mojawapo ilijengwa juu ya wutou, mzizi wa akoniti, sumu inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Mzizi huo ulichemshwa kwanza ndani ya asali mpaka asali ikapungua kwa nusu, kisha ukatolewa, na asali hiyo ikaunganishwa na mchemsho wa efedra, peoni, urukususu na mzizi mwingine. Kuchemsha kwa muda mrefu huivunja akonitini, sumu iliyomo katika mzizi huo, na kupunguza ukali wake. Hapa ndipo ulipo ustadi mkubwa wa tiba hii: watabibu walijua kuitayarisha sumu karne nyingi kabla ya kemia kueleza kinachotokea chunguni.

Moto nao una historia ndefu. Maandishi yaliyofukuliwa Mawangdui mwaka 1973, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 KK, yanataja kuchoma majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga juu ya mishipa ya mwili, ila sindano hayazitaji. Elimu ya kutibu kwa kuchoma sindano kwenye nukta za mwili ilipangwa vizuri na Huangfu Mi katika karne ya 3, naye mwenyewe aliugua bi ya upepo. Kwa mikono, hutumiwa sana hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, na baxie, nukta nane zilizo baina ya vidole vya mikono yote miwili.

Serikali ya Uchina ilipofungua vyuo vya tiba ya jadi mwaka 1956, dawa za zamani zilizidi kuchunguzwa hospitalini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Fujian waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi mmea wa lei gong teng, uliokuwa ukitumiwa kuua wadudu. Uvimbe ulipungua kwa wengi, na majaribio ya baadaye yameonyesha kuwa dawa hiyo hufanya kazi kweli. Lakini hudhoofisha uzazi, kwa wanaume na kwa wanawake, na kipimo chake hakina nafasi kubwa ya makosa.

Hatari nyingine ilitokana na kuchanganywa kwa mimea. Fangji, mzizi wa siku nyingi wa kutibu bi, ni jina la mimea zaidi ya mmoja, miongoni mwao stefania na aristolokia. Nchini Ubelgiji, katika miaka ya 1990, aristolokia ilitumiwa badala ya stefania katika vidonge vya kupunguza unene, na zaidi ya watu 100 wakaharibika figo. Baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Mwaka 2004 Uchina iliiondoa fangji ya aristolokia katika dawa zinazoruhusiwa, na ile ya stefania ikaendelea kutumika.