Kadi za wachezaji: cheti kinahakikisha nini, na hakihakikishi nini

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwezi wa kumi 2002. Mwaka 2021 timu ya Golden State Warriors ilimchukua kwenye nafasi ya 7 katika uteuzi wa NBA, na mwaka uliofuata akawa bingwa pamoja nayo. Kuanzia msimu ule sura yake ilitokea kwenye kadi za kampuni ya Panini ya Italia: vipande vya karatasi ngumu, upana wa sentimita 6 na nusu hivi, urefu karibu 9, picha mbele na maelezo nyuma. Kuna watu Marekani, Ulaya na Asia wanaozikusanya, wanaziuza na kuzinunua kwenye intaneti. Nyingine bei yake haifiki dola moja. Nyingine, zilizochapwa chache au zenye sahihi yake, zinapanda hadi mamia ya dola na zaidi.

Kandokando ya ziwa Kivu, watu wengi wanaona kadi hizo kwenye telefone tu. Mfano mmoja unatosha. Kijana wa Bugarula anapokea picha kwenye WhatsApp: kadi ya Kuminga ndani ya kasha la plastiki, juu yake etikete nyeupe yenye mstari mwekundu na pointi 10. Mwenye kuuza anaandika: «Iko na cheti ya Amerika, usiogope. Tuma makuta kwa M-Pesa, nakutumia na boti ya kesho.» Bei dola 80. Kwa familia nyingi za Idjwi, dola 80 ni minerval ya watoto. Kabla ya kuzituma, mtu anapaswa kujua ile etikete inasema nini hasa.

Cheti kilitoka wapi

Kadi za wachezaji ni za zamani, zilianza Marekani katika karne ya 19 ndani ya paketi za sigara. Miaka ya 1980 bei zilipopanda, wadanganyifu nao walifika. Wengine walichapa kadi bandia. Wengine walichukua kadi ya kweli iliyochakaa wakakata kingo zake kwa wembe ili pembe zionekane mpya. Wengine walitia sahihi za wachezaji wao wenyewe, na uchunguzi wa polisi ya FBI ulioitwa Operation Bullpen, miaka ya 1990, ulionyesha kwamba sahihi za uongo zilikuwa zimejaa sokoni.

Hapo ndipo kampuni za uhakiki zilipopata kazi. PSA ilianza California mwaka 1991. SGC na Beckett zilikuja baadaye katika miaka hiyohiyo ya 1990, na CGC, iliyokuwa ikihakiki vitabu vya katuni, nayo ikaingia kwenye kadi. Kazi yao inafanana. Mwenye kadi anaituma kwao na kulipa. Wataalamu wanaipima upana na urefu, kwa sababu kadi iliyokatwa inapungua kidogo. Wanaiangalia kwa kioo cha kukuza: uchapaji wa kiwandani una vidoti vyake, na mashine ya nyumbani haiviigi vizuri. Kadi za zamani wanaziweka chini ya mwanga wa urujuani, kwa kuwa karatasi za kisasa zina dawa ya kung'arisha na zinawaka pale, lakini za mwanzoni mwa karne ya 20 haziwaki.

Ikionekana ni ya kweli, wanatoa pointi kama mwalimu, kutoka 1 hadi 10. Wanaangalia mambo manne: picha iko katikati au imeelemea upande, pembe, kingo, na uso wa kadi. Kati ya pointi 9 na 10 macho ya kawaida hayaoni tofauti, lakini bei inaweza kuongezeka mara kadhaa. Kisha kadi inafungwa ndani ya kasha la plastiki ambalo mtu hawezi kulifungua bila kuacha alama, na etikete inaandikwa jina, mwaka, aina ya kadi, pointi, na namba ya cheti. Kadi ya kweli iliyoguswaguswa inaweza kupewa kasha bila pointi, ikiandikwa tu kwamba ni halisi.

Wahakiki nao ni watu. Kadi ya kwanza kabisa kuhakikiwa na PSA ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji wa beziboli, iliyochapwa kati ya 1909 na 1911. Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafuni, na mshirika wake Bruce McNall walikuwa wameinunua dola 451.000 mwaka 1991. PSA iliipa pointi 8. Mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2,8. Halafu mwaka 2013, mfanyabiashara Bill Mastro, aliyewahi kuwa nayo kabla ya hao, alikubali mbele ya mahakama ya Chicago kwamba aliikata kingo. Ndiyo kusema kadi namba moja ya kampuni ile ilipita na kasoro ambayo kampuni ilianzishwa kuikamata.

Etikete na gunia

Watu wa Kivu ya Kusini hawahitaji kupelekwa Chicago ili waelewe jambo hili. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalehe, magunia ya madini yalikuwa yakifungwa etikete za mpango wa ITSCI ili mnunuzi wa mbali ajue yametoka kwenye chimbo lisilo na vita. Mwezi wa nne 2022 shirika Global Witness lilitoa ripoti likisema etikete hizo zilitumika kupitisha madini ya machimbo mengine, na maeneo ya Kivu ya Kusini yalitajwa. ITSCI ilikataa madai hayo. Hata hivyo swali lile mchimbaji yeyote analijua: etikete ni ya kweli, lakini je, gunia lililo chini yake ndilo lile lililoandikwa?

Kwa kadi ni vilevile. Wadanganyifu wa leo mara nyingi hawahangaiki kuiga kadi peke yake. Wanaiga kasha pamoja na etikete. Mwezi wa tano 2024 waendesha mashtaka wa New York walitangaza kuwashtaki wanaume wawili wa jimbo la Washington kwa kuuza au kujaribu kuuza kadi zenye makasha na pointi za uongo, kwa thamani ya zaidi ya dola milioni 2. Miongoni mwa kadi zilizotajwa kulikuwa na ya Michael Jordan ya 1986, mojawapo ya zinazotafutwa sana katika basketi. 

Kwa hiyo kasha lenyewe ni plastiki tu. Chenye nguvu ni namba. Kampuni kubwa zote zina daftari kwenye intaneti ambako mtu yeyote anaandika namba ya cheti na kuona kadi gani ilipewa namba hiyo. Ni bure, na inaomba mega kidogo tu. Namba isipopatikana, mazungumzo yameisha. Ikipatikana, kazi haijaisha, kwa sababu mjanja anaweza kunakili namba ya kadi ya kweli inayouzwa mahali pengine na kuichapa kwenye kasha lake. Inafaa kulinganisha kila kitu: jina, mwaka, aina, pointi. Kadi nyingi za miaka ya karibuni zimepigwa picha na kampuni yenyewe, na picha hiyo iko kwenye daftari. Hapo mtu anaangalia vitu ambavyo ni vigumu kuiga, kama mahali sahihi inapopita juu ya picha au alama ndogo kwenye pembe.

Kadi zilizochapwa kwa idadi maalum zinasaidia zaidi. Zimeandikwa kwa mfano 07/25, maana yake hii ni ya saba kati ya 25. Ya saba ni moja tu duniani. Ikionekana kwa wauzaji wawili siku moja, mmoja wao anadanganya, na pengine wote.

Njia nyingine ya kawaida ni kumwomba muuzaji video fupi: kadi mkononi, ageuze mbele na nyuma, pembeni yake karatasi yenye jina la mnunuzi na tarehe ya leo. Mwenye picha alizookota kwenye intaneti hataweza. Atasema kamera imeharibika, au kwamba kuna mteja mwingine anangoja, haraka.

Cheti hakimjui muuzaji

Kosa kubwa, na ndilo linalowaumiza watu wa huku, ni kudhani kwamba kadi yenye cheti inafanya biashara yote kuwa salama. PSA au Beckett inasema kitu kimoja tu: kadi hii ni halisi na hali yake ni hii. Haisemi kwamba mwenye kuonyesha picha ndiye mwenye kadi. Haisemi kwamba ataituma.

Pengo hilo ndilo eBay ilijaribu kuziba. Mwezi wa kwanza 2022 soko hilo la intaneti lilianzisha uhakiki wa kadi Marekani, kwanza kwa kadi za dola 750 na zaidi, kisha kiwango kikashushwa hadi 250. Kadi haiendi moja kwa moja kwa mnunuzi, inapita kwanza kwa wahakiki, wanalinganisha na tangazo, ndipo inapelekwa. Ikiwa si ile iliyotangazwa, mnunuzi anarudishiwa pesa zake. Ni mpango mzuri, lakini ulijengwa kwa mtu mwenye kadi ya benki na anwani ya nyumba. Idjwi hakuna mtu wa posta anayepita nyumba kwa nyumba. Na kadi ya dola 80 iko chini ya kiwango.

Anayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yuko nje ya ulinzi huo wote. Makuta ikishatoka kwa ajenti upande wa pili, kuirudisha ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo muuzaji anayesifu cheti cha Amerika huku akikataa njia yoyote isipokuwa kutumiwa pesa kwanza, anatumia jina la kampuni moja kuficha kwamba nyingine haipo.

Kama muuzaji yuko kweli Bukavu au Goma, dawa ni ileile ya biashara zote za ziwa: kukutana bandarini au dukani kwa mtu anayejulikana na pande zote mbili, kadi ionekane, namba itafutwe palepale, ndipo pesa itolewe. Kadi isiyo na kasha inaweza kulinganishwa na nyingine ya bei ndogo ya aina ileile: ziwekwe mbele ya tochi ya telefone, moja moja. Karatasi ikipitisha mwanga tofauti kabisa na ya mwenzake, kuna shida. Jaribio hilo halitoshi kwa kadi ya pesa nyingi, lakini kwa bandia iliyochapwa vibaya linatosha.

Kama kadi iko Marekani, njia inayofaa ni ndugu aliye huko. Familia nyingi za Kivu wana mtu aliyehamishiwa kule kutoka kambi za Uganda, Burundi au Tanzania. Yeye ana anwani, anaweza kununua kwa njia yenye ulinzi, kupokea kadi na kuiangalia kwa macho yake.

Si kila kadi inastahili cheti

Kuna wenye kadi za zamani nyumbani, hasa za Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyeingia NBA mwaka 1991 na Denver Nuggets, akafariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024. Baada ya kifo chake wengi walidhani kadi zake za kwanza zimekuwa dhahabu. Hapana. Kadi za 1991-92, ziwe za Upper Deck, Fleer, Hoops au SkyBox, zilichapwa kwa wingi mno, kama karibu kadi zote za miaka ile. Bila pointi, nyingi zinauzwa dola chache au chini ya hapo. Ada ya chini ya PSA miaka hii imekuwa kati ya dola 20 na 30 hivi kwa kadi moja, bila kuhesabu safari ya boti na ya ndege. Kuituma ni kulipa ng'ombe ili kuuza kuku. Kadi hiyo ikae nyumbani kwa sababu ya Mutombo mwenyewe.

Sahihi ni jambo lingine. Kadi ambayo Panini au Upper Deck iliitoa tayari ikiwa na sahihi, kwa kawaida nyuma yake kuna maneno ya kampuni kuthibitisha kwamba ni ya mchezaji. Sahihi iliyowekwa baadaye, kwa mfano uwanjani, haina maneno hayo, na inahitaji wataalamu wa sahihi kama PSA/DNA, JSA au Beckett. Karatasi ya «cheti cha uhalisi» iliyochapwa na muuzaji mwenyewe haina uzito wowote, hata ikiwa na muhuri wa rangi tatu.

Na kwa anayepata kadi yake hatimaye: makasha haya hayazuii maji. Kabla ya kuvuka ziwa, hasa kwa mtumbwi, kadi ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha iwekwe begani, siyo chini ya boti.