Ukinzani Sifuri: Historia Fupi ya Istilahi

Mtu aingiaye mikokoni karibu na Nyamisati, wilayani Kibiti, maji yakiwa yamekupwa, hupokewa na harufu ya mayai viza itokayo topeni. Harufu hiyo ni ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo hutengenezwa na bakteria waishio katika tope lisilo na oksijeni. Twaanzia katika delta ya Rufiji kwa kuwa gesi hiyo hiyo ndiyo iliyotufanya tuitilie shaka istilahi moja.

Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme hutoweka. Jambo hilo lilipewa huko Ulaya jina lenye maana ya upitishaji uliovuka mpaka, na mfasiri hushawishika kusema "upitishaji mkuu".

Twaona tafsiri hiyo yapotosha. Shaba na fedha, vipitishi bora kabisa, hazijapata kuonekana zikipoteza ukinzani wote. Risasi, ambayo ukinzani wake ni takriban mara 12 ya ule wa shaba, huupoteza kwenye nyuzi 266 chini ya sifuri. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza sababu: elektroni huenda jozi jozi, zikiunganishwa na mtikisiko wa atomu. Mtikisiko uzuiao elektroni wakati wa joto ndio huo huo uziunganishao wakati wa baridi.

Mwaka 2015, huko Mainz, Ujerumani, Mikhail Eremets na wenzake waliibana gesi ile inukayo baina ya ncha mbili za almasi, kwa mgandamizo upatao mara milioni moja na nusu ya ule wa hewa. Ikawa metali, ikajipanga upya, atomu tatu za haidrojeni kwa moja ya salfa, na ukinzani ukatoweka kwenye nyuzi 70 tu chini ya sifuri. Siri imo katika mpangilio wa elektroni. Elektroni za haidrojeni na za salfa hushikana kwa nguvu, na nafasi nyingi za elektroni hurundikana penye kiwango kile cha nishati ambapo elektroni zaweza kuhama. Tena haidrojeni, kwa wepesi wake, hutikisika upesi mno. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mchanganyiko wa haidrojeni na lanthani umefika nyuzi 23 chini ya sifuri.

Gesi ya topeni, ikiwa gesi, haipitishi umeme. Ukuu wake uko wapi? Twapendekeza "ukinzani sifuri" kwa hali yenyewe, na "kipitishi cha ukinzani sifuri" kwa kitu chenye hali hiyo. Mwalimu wa fizikia atatukumbusha ugunduzi wa Meissner na Ochsenfeld wa mwaka 1933, kwamba vitu hivi hufukuza pia usumaku, na neno letu halilitaji hilo. Ni kweli, twamwomba alieleze darasani.