Mwendeshaji asiyeendeshwa

Katika kitabu cha 12 cha Metafizikia, Aristotle anatafuta sababu ya mbingu kuzunguka bila kukoma. Kila kiendacho kimeendeshwa na kingine, na hicho nacho na kingine. Mfululizo huo haujielezi wenyewe, basi lazima kiwepo kinachoendesha vingine na chenyewe hakiendeshwi. Hicho ndicho anachokiita Mungu.

Kwa Kiswahili tumwiteje? “Msukumaji asiyesukumwa” linakuja upesi ulimini, ila linapotosha. Anayesukuma hugusa na kutumia nguvu. Huyu wa Aristotle anaendesha kwa kutamaniwa, kama apendwaye anavyomwendesha ampendaye. Pilau ikinukia jikoni haimsukumi mtu, lakini kitini haketi tena. Isitoshe, mwendo anaouzungumzia Aristotle, kwa Kigiriki kinesis, si wa kuhama mahali tu: jani kugeuka manjano na mtoto kurefuka ni mwendo pia. Kwa hiyo nachagua “mwendeshaji asiyeendeshwa”, ingawa najua kuendesha nako kunanuka usukani na ofisi ya meneja.

Ngeli nayo inasumbua. Kigiriki kina jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, na Aristotle huitumia anapotaka. Sisi tukishasema “mwendeshaji” tumempa nafsi, naye kwa Aristotle ni fikra inayojifikiri yenyewe. Haitikii dua. Wala hakuumba, kwa kuwa ulimwengu umekuwapo siku zote, hivyo mfasiri atakayeandika “Muumba” hapa atakuwa ameshahamia kitabu kingine. Hata umoja wake una utata: sura ya 8 ya kitabu hicho cha 12 inahesabu tufe za mbinguni 55, au 47 baadhi zikipunguzwa, na kila tufe ina mwendeshaji wake.

Mungu wa Ibrahimu, kwa upande wake, anaanza kwa kusema na mtu. Anamtoa kwao, anamwahidi kizazi. Umoja wake haukupatikana kwa kufuatilia mizunguko ya nyota. Umekuja kama amri, usimwabudu mwingine.

Wasomi wa dini walijitahidi kuwapatanisha hawa wawili. Thomas Aquinas aliifanya hoja ya mwendo kuwa ya kwanza kati ya njia zake 5 za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu. Miaka mingi kabla yake, mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali alikuwa amekwisha kuona hatari ya upatanisho huo. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokimaliza mwaka 1095, aliwajadili wanafalsafa katika masuala 20, akiwalenga hasa Al-Farabi na Ibn Sina, waliomfuata Aristotle, na kwa matatu akawahukumu ukafiri: kusema ulimwengu ni wa milele, kusema Mungu huyajua mambo kwa ujumla wake tu, na kukana kufufuliwa kwa miili. Katika hilo la pili alimtaja Zayd, jina la mfano tu, kama Juma wetu wa vitabu vya shule. Zayd akitii au akiasi, alisema, Mungu wa wanafalsafa hana habari, kwa sababu anamjua binadamu, si Zayd.