Pikipiki Kuukuu ya Burt Munro

Wengi hudhani ya kwamba mitambo ya ajabu hutoka katika viwanda vikubwa tu, na kwamba chombo kikisha kuzeeka hakina pa kwenda ila jaani. Historia inao ushahidi wa kuikanusha dhana hiyo. Sikiliza, msomaji, habari za mtu mmoja wa New Zealand na injini yake.

Burt Munro alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa nchi hiyo. Mwaka 1920 alinunua pikipiki iliyotengenezwa Marekani, aina ya Indian Scout. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zenye ujazo wa sentimita 600, na mwendo wake haukuzidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Mwaka 1926 akaanza kuifungua na kuibadili, na kazi hiyo haikukoma kwa zaidi ya miaka 40. Munro hakuwa tajiri. Mchana alikwenda kazini kutafuta riziki, na usiku alishughulika na injini. Mara nyingi kulikucha naye hajalala, akaondoka vivyo hivyo kwenda kazini.

Pengine utauliza: injini huongezwaje nguvu? Ujue kwamba ndani ya silinda huchomwa petroli iliyochanganyika na hewa. Moto ule huisukuma pistoni, pistoni huisukuma konrodi, na konrodi huuzungusha mtaimbo wa injini. Basi atakaye nguvu zaidi hana budi kuingiza hewa na petroli nyingi zaidi, na kuuondoa moshi upesi. Katika Scout ya kale vali zilikuwa ubavuni mwa silinda, hata hewa ikalazimika kupita njia yenye kona. Munro aliunda mpango mpya, vali zikakaa juu ya silinda. Kisha alizidi kuikuza injini hata ujazo wake ukafika sentimita 950.

Lakini kila faida ina gharama yake. Nguvu ikizidi, joto na kishindo huzidi pia, na chuma kilichotosha jana hakitoshi leo. Ukiimarisha pistoni, konrodi huvunjika. Ukiimarisha konrodi, udhaifu huhamia kwingine. Ndiyo sababu kazi ya namna hii haimalizwi kwa siku moja. Fundi hufukuza udhaifu kutoka mahali hata mahali, kama mtu azibaye matundu ya paa wakati wa masika.

Na vifaa vyake je? Vilikuwa duni mno. Munro aliyeyusha madini akayamimina katika mikebe mikuukuu, akapata vipande alivyovichonga hata vikawa pistoni. Silinda na magurudumu mazito ya ndani ya injini alijitengenezea mwenyewe. Hata kipimo chake cha kupimia unene wa chuma kilikuwa spoki kuukuu ya gurudumu. Vipande vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga rafuni, akaandika hapo kwamba ni sadaka kwa mungu wa mbio. Huo ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye maana, kwa kuwa kila kipande kilimwonyesha mahali injini iliposhindwa.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63, aliivusha pikipiki yake bahari hadi Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani. Huko kuna uwanda mpana wa chumvi, mweupe na sawa kama meza, ambako watu hushindania mbio za vyombo. Mwaka huo huo aliweka rekodi. Akarudi tena na tena, na mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliweka rekodi ya dunia ya pikipiki za ujazo usiozidi sentimita 1,000. Ilisajiliwa kuwa maili 183.586 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 295. Injini iliyozaliwa kwa maili 55 ilikuwa imezidisha mwendo wake mara tatu na zaidi!

Munro alifariki mwaka 1978. Mwaka 2014 rekodi yake ilisahihishwa ikawa maili 184.087, baada ya kugunduliwa kwamba wastani wa mwaka 1967 ulikosewa katika hesabu.

Ewe kijana, wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini usidhani kwamba subira peke yake ndiyo iliyomfikisha Munro huko. Angeweza kurudia kosa lile lile kwa miaka 40, na pikipiki isingeongeza hata maili moja. Alisubiri huku akichunguza. Alivunja, akauliza sababu, ndipo akaunda upya. Siku utakapoiona injini kuukuu imelala nyuma ya gereji, usiharakishe kusema kwamba imekufa. Huenda inamngoja mtu wa kuifungua na kuisoma.