Mapenzi ya Siri na Nasaba ya Wafalme katika Visasili vya Wachwezi

Riwaya za kisayansi za siku hizi huwapeleka wapenzi wao kwenye sayari za mbali. Wasimulizi wa Bunyoro-Kitara, ng'ambo ya Mto Semliki kutoka Beni na Butembo, waliwashusha kuzimu, katika dola yenye mfalme, ng'ombe na mabinti wa kifalme. Masimulizi hayo yaliandikwa na Ruth Fisher mwaka 1911, na Mukama Tito Winyi katika Uganda Journal kati ya 1935 na 1937 kwa jina la K.W., kisha na John Nyakatura mwaka 1947. Matoleo hayo hutofautiana katika mambo madogo madogo, lakini kiini chake ni kimoja.

Isaza, mfalme wa mwisho wa Watembuzi, alitakiwa na Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, wachanjiane damu. Isaza alimwamuru Bukuku, mlinzi wa lango lake, achanje kwa niaba yake. Nyamiyonga alipogundua hila hiyo alimtuma bintiye Nyamata, ambaye aliificha asili yake, akaolewa na Isaza, kisha akarudi kuzimu akiwa mjamzito na kumzaa Isimbwa. Isaza naye alinaswa kwa ng'ombe wazuri waliomvuta hadi kuzimu, asirudi tena.

Bukuku, asiyekuwa wa ukoo wa kifalme, akakikalia kiti. Waaguzi walimwonya ajihadhari na mtoto atakayezaliwa na bintiye Nyinamwiru. Basi akamfungia binti huyo katika boma ambalo hapana aliyeweza kuliingia ila kwa kupitia nyumba ya baba. Hata hivyo, Isimbwa alimfikia kwa siri. Mtoto aliyezaliwa alitupwa mtoni, akaokolewa na mfinyanzi Rubumbi. Alipokua alimwua Bukuku, akatawala kwa jina la Ndahura, naye ndiye wa kwanza wa watawala wa Kichwezi.

Ukitazamwa kwa jicho la mwanahistoria, mpango wa kisa hiki una kazi maalumu. Utawala wa Bukuku ulikuwa umekata mfululizo wa nasaba. Penzi lililokatazwa linauunga upya: kwa upande wa baba Ndahura ni mjukuu wa Isaza, na kwa upande wa mama ni mjukuu wa Bukuku. Jina Nyinamwiru lenyewe lina maana ya mama wa mwiru, yaani mtu wa kawaida, mkulima.

Mbinu hiyo inarudi pale Wachwezi wanapotoweka na nafasi yao kushikwa na Wabito, watawala wenye asili ya Kiluo waliotoka kaskazini. Mapokeo husema kuwa Rukidi, Mbito wa kwanza, alikuwa mwana wa Kyomya, Mchwezi, aliyemzaa ugenini na Nyatworo, mwanamke wa Bukedi. Kwa hiyo mgeni anageuka kuwa mrithi. Mara zote mbili haki ya kutawala inapita katika tumbo la mwanamke aliye nje ya ukoo unaotawala.

Hoja hiyo haikuwa ya burudani tu. Bunyoro ilikuwa imepoteza ardhi yake kwa Buganda katika miaka ya 1890, na orodha ya wafalme iliyorudi nyuma hadi Watembuzi ilithibitisha ukale na heshima ya dola hiyo mbele ya wakoloni. Kura ya maoni ya 1964 ndiyo iliyoirudishia Buyaga na Bugangaizi. Kwa upande mwingine, mwaka 1958 Christopher Wrigley alidai kuwa Wachwezi ni miungu, wala si wafalme wa kihistoria. Uchimbaji wa Merrick Posnansky huko Bigo mwaka 1960 ulithibitisha ukale wa mahandaki yanayohusishwa nao, bila kuthibitisha jina la mtawala yeyote.

Magharibi ya Semliki, miongoni mwa Wanande, mkazo ulikuwa tofauti. Katika utafiti wake juu ya Bashu uliochapishwa mwaka 1981, Randall Packard alionyesha kuwa mtawala alipimwa sana kwa uwezo wake wa kuleta mvua na rutuba. Ukame ungeweza kumwondolea uhalali hata mwenye nasaba nzuri. Ulinganisho huu unamfaa mwanafunzi wa mapokeo: kabla ya kuuliza kama Isimbwa aliliingia boma lile, aulize ni nani aliyehitaji aliingie.