Unga Uliotoka Duka la Dawa

Ukitaja unga Mombasa au Malindi, si kila mtu atadhani wazungumzia ugali. Vijana wangapi tumewazika kwa sababu yake! Lakini je, wajua kwamba heroini iliwahi kuuzwa kama dawa ya kikohozi? Mkemia Mwingereza, C. R. Alder Wright, aliitengeneza London mwaka 1874 kutokana na mofini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaitia sokoni, na madaktari wakaandikia wagonjwa. Yaliyofuata wayajua.

Heroini angalau yahitaji shamba la afyuni. Ndugu zake wa maabara hawahitaji hata mmea. Miaka ya 1950, wakemia wa kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi, walitengeneza nitazini wakitafuta dawa ya maumivu. Ilikuwa kali mno, nyingine zashinda mofini mara mamia, na hazikuwahi kuruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Zikabaki kwenye majarida ya sayansi. Kufikia 2019 zikaibuka mitaani Ulaya na Marekani, zimepikwa kimagendo.

Sasa twende Sierra Leone, kwa vijana kama wewe. Huko walivuta kitu kiitwacho kush. Wengine waliamini kimechanganywa na mifupa ya maiti, hadi polisi wakawekwa kulinda makaburi ya Freetown. Mwezi wa Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio akatangaza hali ya hatari nchi nzima. Kush ilipopimwa maabara, ndani yake ikakutwa nitazini. Fikiria: mvutaji anaogopa mfupa, kumbe kinachomuua hakijui hata jina. Na muuzaji je? Naye hajui, yeye kauziwa tu.

Kuua kwenyewe hakuna kelele. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi hulala, mtu akakoroma vibaya, midomo ikabadilika rangi, wenzake wakasema, “Mwacheni, kalewa tu, ataamka.” Haamki. Ipo dawa ya kuirudisha pumzi hiyo, naloksoni, lakini kwa nitazini dozi moja huenda isitoshe. Kwa hivyo ukimkuta mtu hali hiyo, usimmwagie maji wala usimwache alale. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na umwambie daktari ukweli wa alichotumia, hata kama ni ndugu yako na waona aibu.